Habari za Mapaa ya Dar es Salaam, na Jinsi ya Kuchagua Kadiri ya Kipande cha Kuezekea

Katika mji wa Dar es Salaam kila mtu huliona paa la jirani yake, lakini ni wachache waulizao kwa nini lilikatwa vile lilivyo, wala kwa nini nyumba moja yapitisha masika nyingi bila kuvuja, na nyingine yavuja mwaka wa kwanza. Wengi hudhani ya kuwa nguvu ya paa ni katika kitu kilichonunuliwa: bati ni bora kuliko kuti, na kigae ni bora kuliko bati. Sivyo. Fundi wa makuti wa pwani, na fundi wa vibao vya mwerezi wa milimani, na fundi wa mabati wa Kariakoo, wote watatu hufuata kanuni moja, nayo ni hii: kipande kiwe na kadiri iupasayo mteremko wa paa, na sehemu iliyofichwa chini ya mwenzake iwe ya kutosha. Maji huzuiwa na kile tusichokiona.

Nimeona vema kuziandika habari hizi katika kitabu cha jubilei, maana kanisa na shule, na nyumba ya mwalimu pia, vyote huanza na swali la paa. Fedha nyingi za Wakristo zimepotea kwa sababu kadiri haikupimwa.

Mji wa makuti

Kabla haujajengwa mji huu palikuwa na kijiji cha Mzizima, na nyumba zake ziliezekwa kwa makuti. Sultani Seyyid Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga mji wake kando ya bandari katika miaka ya 1860, naye alifariki mwaka 1870 kabla kazi haijakwisha. Nyumba moja ya siku zile, ambayo watu huiita Boma la Kale, ilijengwa mwaka 1866 na 1867 kwa mawe ya matumbawe, nayo ingali imesimama karibu na bandari.

Katika nyumba za mawe za pwani twajifunza somo la kwanza la kadiri. Dari zao zilichukuliwa na boriti za mikoko, ambazo nyingi zilitoka katika delta ya mto Rufiji. Boriti ya mkoko ni ngumu, lakini haikubali kuchukua mzigo katika nafasi kubwa. Kwa hiyo vyumba vya nyumba za mawe, tangu Lamu hata Unguja na Kilwa, ni virefu lakini vyembamba, upana wake ni kama dhiraa tano au sita, yaani meta mbili na nusu hata tatu. Mwenye mali nyingi aliweza kuongeza urefu wa chumba chake na kukipamba, lakini upana wake ulikatwa na mti. Ndivyo ilivyo hata leo: kadiri ya kipande huamua kadiri ya nyumba.

Nyumba ya makuti ina somo la pili. Kuti la viungo hufanywa hivi: majani ya mnazi hukunjwa juu ya kijiti na kushonwa yakapangana, hata lifanyike pazia fupi la urefu wa mkono mmoja au miwili. Si sawa na kuti la kumba, ambalo husukwa na hufaa zaidi kwa ua. Fundi husimamisha nguzo, huweka mwamba, huangika makombamoyo, kisha hufunga pau kwa kukingamisha. Huanza kuezeka chini, penye mchirizi, na kupanda juu. Hapo ndipo penye shauri kubwa: kila safu ya makuti ipande juu ya ile ya chini kwa kiasi gani? Mwenye nyumba mwenye haraka, au mwenye fedha kidogo, husema, “Tanua, fundi, makuti yatoshe.” Fundi mwema hukataa. Husogeza safu hata ibakie nafasi ya nyanda chache tu zionekanazo, na sehemu kubwa ya kila kuti ilale chini ya wenzake. Ukikata paa kama hilo kwa kisu utakuta makuti manne au matano pamoja, na mvua ikilipita la kwanza haiwezi kulipita la tatu.

Tena fundi huliinua paa sana. Jani ni kitu kinywacho maji. Likilala hukaa na unyevu na kuoza. Basi paa la makuti husimama karibu na digrii 45: nyumba yenye upana wa meta 8 mwamba wake wa juu huwa kama meta 4 juu ya kuta. Paa refu namna hiyo hula miti mingi, lakini huyashusha maji upesi, na hewa ya moto hupanda juu ikawaacha watu chini wakipumua.

Sharti la mwaka 1891 na kuzaliwa kwa Kariakoo

Mwaka 1891 Wadachi, yaani Wajerumani, walihamisha makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam, na mwaka ule ule wakatoa sharti la ujenzi. Mji ulikatwa sehemu tatu. Katika sehemu ya kwanza, upande wa bahari, ziliruhusiwa nyumba za namna ya Ulaya tu. Katika ya pili ilipasa kujenga kwa vitu vigumu. Na katika ya tatu watu waliweza kujenga vibanda vya miti na udongo na makuti. Sharti lilitaja nyumba, halikutaja watu; lakini kila mtu alijua lilikusudia nini. Mtu aliyeweza kuezeka kwa makuti tu aliambiwa na paa lake mahali pa kukaa.

Miaka ya mwisho kabla ya vita ya 1914, serikali ilinunua shamba kubwa la upande wa magharibi ili watu weusi wapewe viwanja huko. Waingereza walipouteka mji mwezi wa Septemba 1916, wapagazi wa jeshi walikaa mahali hapo. Kikosi chao kiliitwa kwa Kiingereza Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Wengi katika wapagazi wale walikufa kwa maradhi na njaa katika vita isiyokuwa yao, na jina lao limebaki katika soko na mitaa. Baada ya vita viwanja vilipangwa kwa mistari iliyonyoka, na Waingereza waliendelea na desturi ya kuugawa mji sehemu tatu. Uwanja mpana wa Mnazi Mmoja uliachwa wazi katikati, kuitenga Kariakoo na mitaa ya Wahindi na Wazungu.

Katika viwanja hivyo ilienea nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita: ukumbi katikati, vyumba vitatu kuume na vitatu kushoto, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, vingine akavipangisha. Wajane na wanawake wasio na mtu wa kuwatunza waliishi kwa kodi ya vyumba namna hiyo. Kwa hiyo paa halikuwa pambo. Paa likivuja mpangaji huhama, na mpangaji akihama chungu hakipandi jikoni.

Debe, kisha bati

Makuti yana adui wawili: moto na miaka. Cheche ya jiko moja katika mtaa uliobanana yaweza kuteketeza nyumba nyingi, na makuti huhitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache. Wenye nyumba wa Kariakoo walitafuta kitu kingine, nacho walikipata katika takataka za maduka. Mafuta ya taa yalikuja katika madebe ya galani 4. Fundi alikata kifuniko na kitako, akalipasua debe ubavuni na kulinyosha kwa nyundo, likawa bamba la urefu wa futi 3 hivi, na upana wa futi moja na inchi chache. Bamba hilo lilipigwa misumari juu ya pau kama kigae.

Angalia vizuri, ndugu msomaji, maana hapa wengi walipotea. Bamba la debe ni dogo na halina mikunjo. Aliyelipanda juu ya mwenzake kwa inchi moja tu alipata paa jepesi lenye kung'aa, nalo likavuja masika ya kwanza, kwa kuwa upepo husukuma maji kwenda juu chini ya ukingo. Aliyelipanda kwa kiganja kizima alitumia madebe mengi zaidi, akalala pakavu. Hata hivyo hewa ya chumvi ya bahari ililila bati lile jembamba upesi, likawa na kutu.

Bati la mikunjo lilikuja kutoka Ulaya. Mwingereza Henry Robinson Palmer alipata hati ya kulitengeneza mwaka 1829, alipokuwa akifanya kazi katika gati za London. Na mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel alipata hati ya kuchovya chuma katika zinki kisishikwe na kutu. Mkunjo ni akili kubwa: bamba jembamba likikunjwa hupata nguvu ya kuchukua nafasi pana bila kupinda. Basi pau nyingi za zamani zikaondoka, na papi chache zikatosha. Ubavuni bati hupandana kwa mkunjo mmoja na nusu. Mwisho kwa mwisho hupandana kwa inchi 6 paa likiwa na mteremko wa kutosha, na zaidi likiwa limelala.

Kwa kuwa bati halinywi maji, mafundi waliona hapana haja ya kuinua paa kama la makuti. Nyumba ile ile ya meta 8 ikiezekwa kwa mteremko wa digrii 15, mwamba wake huinuka kama meta moja tu. Miti iliokolewa, na fedha pia. Lakini joto lililokuwa likipanda meta 4 juu ya vichwa sasa lilikaa karibu na kitanda, na kelele za mvua zikanyamazisha mazungumzo. Kadiri ya kipande ilipobadilika, nyumba yote ilibadilika pamoja nayo. Baada ya uhuru kazi hiyo iliendelea: Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, nalo lilibomoa nyumba nyingi za udongo na makuti katika Magomeni na Kariakoo, likajenga za matofali ya saruji mahali pake.

Vigae

Karibu na bandari wasomaji wamekwisha kuliona Kanisa la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa tangu 1898 hata 1902, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lililojengwa tangu 1897 hata 1902. Kwa Azania Front tazama vipaa vidogo vya vigae vyekundu juu ya madirisha. Vimewekwa kukinga jua na mvua, na vyaonyesha ya kuwa dirisha nalo lina haki ya paa.

Vigae vya udongo vya namna ya Mangalore vina uhusiano na misheni. Katika miaka ya 1860 Georg Plebst, mtu wa Misheni ya Basel, alianzisha kazi ya kuvitengeneza kwa mashine huko Mangalore katika pwani ya Uhindi, ili Wakristo wapya waliotengwa na jamaa zao wapate kazi. Vigae hivyo vilisafirishwa nchi nyingi, na pwani yetu pia. Kigae hiki kina mfereji na meno, kimoja humshika mwenzake. Kwa sababu hiyo hakihitaji kufichwa sana. Lakini ni kizito: meta moja ya mraba huwa na kilo 30 na zaidi, ambapo bati jembamba halifiki kilo 5. Asipande vigae juu ya miti iliyokatwa kwa ajili ya mabati.

Vibao vya mwerezi

Sasa nije kwa kipande ambacho watu wa Dar es Salaam hawakijui sana, lakini ndicho kifundishacho kanuni yetu kwa hesabu iliyo wazi. Katika milima ya Usambara, huko Shume, na katika nchi za juu za Kenya, pana mti mkubwa uitwao mwangati au mtarakwa. Wazungu waliuita mwerezi, ijapokuwa kwa ukoo si ule wa Lebanoni ambao Hiramu mfalme wa Tiro alimpelekea Sulemani. Mti huu una harufu nzuri, wala mchwa na uozo haviushindi upesi. Kabla ya vita ya 1914 kampuni ya Wilkins na Wiese ilikuwa na kiwanda cha kupasulia mbao juu ya milima, mahali palipoitwa Neu-Hornow, na magogo yalishushwa kwa kamba ya chuma hata Mkumbara penye reli ya Tanga. Mengi yalikwenda Ulaya kufanywa kalamu za risasi. Lakini wenyeji wa nchi za juu walijua faida nyingine: gogo la mwangati lililonyoka hupasuliwa vibao vyembamba vya kuezekea.

Mafundi wa Amerika, ambao huezeka kwa mwerezi mwekundu wa pwani yao ya magharibi (nao pia si ule wa Lebanoni), wameweka kadiri tatu za urefu: inchi 16, inchi 18 na inchi 24. Paa likiwa na mteremko mzuri, sehemu ya kibao iachwayo wazi ni inchi 5 kwa kile cha kwanza, inchi 5 na nusu kwa cha pili, na inchi 7 na nusu kwa cha tatu. Gawanya mwenyewe, nawe utaona ya kuwa sehemu ionekanayo ni chini kidogo ya theluthi. Maana yake, mahali popote pa paa pana vibao vitatu, kimoja juu ya kingine. Paa likilala zaidi, sehemu iliyo wazi hupunguzwa: inchi 3 na robo tatu, inchi 4 na robo, na inchi 5 na robo tatu. Na paa lisiloinuka hata inchi 3 kwa kila inchi 12 haliezekwi kwa vibao kabisa.

Kati ya kibao na kibao huachwa robo ya inchi, kwa sababu mti hutanuka ukinywa maji. Ufa wa safu moja usikae juu ya ufa wa safu ya chini. Utengane nao kwa inchi moja na nusu au zaidi. Kila kibao hupigwa misumari miwili tu, nayo ifunikwe na safu ya juu.

Basi mtu achague kadiri gani? Waalimu wawape wanafunzi hesabu hii. Kipaa kimoja cha nyumba kina urefu wa futi 16 na nusu, yaani inchi 198, toka mchirizi hata mwamba. Kwa vibao vya inchi 16 zitahitajika safu 40. Kwa vya inchi 18 safu 36. Kwa vya inchi 24 safu 27. Kibao kirefu hupunguza pau na kazi, lakini hutaka gogo safi lisilo na fundo, ambalo ni ghali. Nacho chafaa paa kubwa. Kibao kifupi chafaa paa dogo, kama la kibaraza au la kipaa cha dirisha, ambapo kirefu kingeharibika kwa kukatwakatwa. Lakini tazama: kwa kadiri zote tatu unene wa kifuniko ni vibao vitatu. Anayenunua vibao vya inchi 16 na kuacha wazi inchi 7 na nusu ili visaidie zaidi, hakuokoa kitu. Ana vibao viwili mahali pa vitatu, na penye ufa ana kimoja tu.

Kanuni hiyo katika siku zetu

Mvua ya Dar es Salaam kwa mwaka ni kama milimeta 1,000 na kitu, na nyingi hunyesha katika masika, Machi hata Mei. Milimeta moja juu ya meta moja ya mraba ni lita moja. Basi siku ya mvua ya milimeta 50, paa la meta 100 za mraba hupokea lita 5,000, yaani madebe 250 ya lita 20. Maji hayo yote hapana budi yapite mahali fulani.

Msanifu Beda Amuli alilijua jambo hili alipochora Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975. Hakutumia vipande vilivyopandana. Alisimamisha miavuli mikubwa ya zege iliyogeuzwa juu chini, ikusanye mvua badala ya kuimwaga tu. Moto wa usiku wa tarehe 10 Julai 2021 uliliharibu vibaya soko hilo, na wafanya biashara wengi walipoteza mali yao.

Leo katika maduka ya Kariakoo na Gerezani mnunuzi huonyeshwa mabati ya rangi, ya migongo mipana, ya msauzi, na yaliyofinyangwa kama vigae. Huuliza rangi, kisha bei. Yafaa aulize mambo matatu mengine kwanza. Geji ni ngapi? Akumbuke ya kuwa hesabu ikizidi unene hupungua, basi geji 32 ni jembamba kuliko geji 28. Pili, bati hili lataka mteremko gani? Tatu, lipandane kwa kiasi gani, ubavuni na mwisho? Siku hizi wengi hupenda paa la kuficha, lililolazwa nyuma ya ukuta mfupi lisionekane toka njiani. Paa hilo lina mteremko mdogo na mfereji ndani ya nyumba. Majani yakiziba mfereji, maji huingia chumbani. Atakaye na ajenge, lakini apime mteremko kwanza, kisha ndipo achague kipande.

Nasema hayo zaidi kwa kamati za ujenzi za parokia na mitaa. Sadaka ya paa hutolewa na watu wengi wenye kidogo: mama muuza vitumbua, mpagazi wa sokoni, mzee wa pensheni. Fundi akija na kusema ya kuwa mabati kumi yatapungua mkitanua kidogo mahali pa kupandania, mjibuni kama fundi wa makuti wa zamani alivyomjibu mwenye nyumba mwenye haraka. Mabati kumi yale ndiyo yatakayokaa chini ya wenzao bila kuonekana, nayo ndiyo yatakayowafanya watoto wasome mwezi wa Aprili bila kusogeza madawati.